Uchaguzi wa Masomo ya Juu Huanzia Shule ya Msingi

Makala haya yameandikwa kwa ajili ya wanachuo wanaojiandaa kufundisha katika shule za msingi. Huenda msomaji akashangaa kuona kwamba yanazungumzia masomo ya kiwango cha chuo kikuu yanayosomwa katika shule za sekondari za Marekani. Sababu ni hii. Wakati wa mazoezi ya kufundisha nilipata kumsikia mwalimu mwanafunzi akimwambia mtoto wa darasa la 5, mbele ya wenzake, "Wewe hesabu si fungu lako, shika Kiswahili." Mwalimu yule hakukusudia ubaya, alidhani anamfariji mtoto aliyekosa hesabu za sehemu. Lakini kwa neno lile alikuwa amekwisha kumchagulia mtoto masomo ya miaka mingi ijayo, na wala hakujua kwamba amechagua. Mfano wa Marekani unafaa kutuonyesha jambo hili, kwa kuwa huko ngazi za uchaguzi zinaweza kuhesabiwa moja moja.

1. Mpango wenyewe

Katika Marekani masomo ya shule huchukua miaka 12, na miaka 4 ya mwisho, yaani darasa la 9 hadi la 12, kwa kawaida ndiyo ya sekondari ya juu. Tangu katikati ya miaka ya 1950 shirika liitwalo College Board limekuwa likiendesha mpango wa Advanced Placement, ambao kwa kifupi huitwa AP. Katika mpango huo mwanafunzi huweza kusoma kozi ya kiwango cha mwanzo wa chuo kikuu akiwa bado katika shule yake ya sekondari. Mtihani hufanywa mwezi wa Mei, na alama hutolewa kuanzia 1 hadi 5. Vyuo vikuu vingi humhesabia mwanafunzi kozi hiyo, au humruhusu kuanzia kozi ya mbele zaidi, akipata alama 3. Vingine hutaka 4 au 5, na vingine havihesabu kabisa. Ada ya kila mtihani ni karibu dola 100, na wasio na uwezo hupunguziwa.

Faida za mpango huo ni dhahiri. Mwanafunzi huzoea kazi ya chuo kikuu mapema, na huweza kupunguza muda na gharama ya masomo huko. Hata hivyo zipo hasara. Wako wanafunzi wanaojirundikia kozi nyingi kwa ajili ya sifa tu, wakakosa usingizi na wasielewe hata moja vizuri. Kwa hiyo mshauri mwema humwuliza mwanafunzi mambo matatu: Je, unalipenda somo hili? Je, unayo misingi yake? Je, muda wako unatosha?

Swali la kwanza na la tatu mwanafunzi anaweza kulijibu siku ile ile. Swali la pili halijibiki kwa siku moja, kwa kuwa misingi huwekwa miaka mingi kabla.

2. Tuhesabu kurudi nyuma

Tuchukue somo la kalkulasi, ambalo ni mojawapo ya kozi za AP. Kwa kawaida husomwa katika darasa la 12. Ili mwanafunzi aingie humo, katika darasa la 11 inampasa awe amesoma somo la matayarisho ya kalkulasi. Kabla ya hapo, katika darasa la 10, huwa amesoma aljebra ya pili. Katika darasa la 9, jiometri. Na katika darasa la 8, aljebra ya kwanza. Mtoto anayeanza aljebra katika darasa la 9 atafika mwisho wa shule akiwa amesimama kwenye matayarisho tu, isipokuwa kama atasoma masomo mawili ya hisabati kwa mwaka mmoja au wakati wa likizo.

Basi ni nani anayeingia aljebra katika darasa la 8? Katika shule nyingi ni yule aliyeonekana kuwa anaweza alipokuwa darasa la 6 au la 7, naye alionekana hivyo kwa sababu alikwisha kuelewa sehemu, uwiano na namba hasi. Kwa hiyo mtoto wa miaka 17 anapopewa fomu achague masomo, uchaguzi mkubwa umekwisha kufanywa alipokuwa na miaka 11 au 12, na aliyeufanya ni mwalimu wake.

Wamarekani wenyewe wamebishana sana juu ya jambo hili. Mwaka 2014 mji wa San Francisco uliiondoa aljebra katika darasa la 8, ili watoto wote wasonge pamoja bila kutengwa katika mafungu. Wazazi wengi walilalamika kwamba njia ya kalkulasi imezibwa, na mwaka 2024 wapiga kura wa mji huo waliunga mkono irudishwe. Hivyo basi suala hili halijapata ufumbuzi unaoridhisha kila mtu.

3. Mwalimu aliyepitia Same

Mmoja wa walimu waliolishughulikia suala hili kwa vitendo ni Robert Moses, aliyezaliwa mwaka 1935 katika jiji la New York. Miaka ya 1960 alijulikana kwa kazi yake katika jimbo la Mississippi, ambako aliwasaidia Wamarekani weusi kujiandikisha kupiga kura wakati jambo hilo lilipokuwa la hatari. Kuanzia mwaka 1969 hadi 1976 aliishi Tanzania, na alifundisha hisabati huko Same, mkoani Kilimanjaro.

Baada ya kurudi kwao, mwaka 1982, katika mji wa Cambridge, jimbo la Massachusetts, alikuta kwamba shule ya binti yake haikuwa na somo la aljebra katika darasa la 8. Kwa ombi la mwalimu wa mtoto huyo, Moses aliingia darasani akamfundisha pamoja na wenzake wachache. Kazi hiyo ilikua ikawa mpango uitwao Algebra Project, alioutumikia kwa miaka mingi. Alifariki mwaka 2021. Moses alishikilia kwamba katika zama hizi mtoto asiyejua aljebra amefungiwa nje ya maisha ya nchi yake, kama vile mtu asiyeruhusiwa kupiga kura.

Jambo linalotuhusu sisi zaidi ni njia yake ya kufundisha. Moses aliona kwamba katika hesabu za miaka ya mwanzo namba hujibu swali moja tu: "Ngapi?" Katika aljebra namba hujibu pia swali la pili: "Upande gani?" Mtoto ambaye hajafundishwa swali hili la pili huona namba hasi kama mazingaombwe, na mwalimu hudhani kwamba hana akili. Huko Cambridge wanafunzi walipanda treni ya chini ya ardhi, wakaitazama safari yao, kisha wakaigeuza kuwa hisabati kwa hatua tano.

4. Mfano wa somo

Njia hiyo yaweza kufuatwa hata pasipokuwa na treni. Somo lifuatalo lafaa kwa darasa la 5 au la 6.

Hatua ya 1: Tendo. Wanafunzi watembee katika njia inayopita mbele ya shule. Upande wa kulia wa lango wapite mwembe, kisima na duka. Upande wa kushoto wapite uwanja wa mpira na mashine ya kusaga.

Hatua ya 2: Picha. Kila kikundi kichore safari hiyo kwa namna kinavyopenda.

Hatua ya 3: Maneno yao wenyewe. Waeleze walikotoka, walikokwenda, na walivyokwenda. Mwalimu asiwakatize wala asiwasahihishe lugha.

Hatua ya 4: Lugha iliyopangwa. Mwalimu awaongoze kutenga mambo manne: mahali pa kuanzia, mahali pa kuishia, idadi ya vituo, na upande. Mathalani: "Asha alianzia dukani, akaenda vituo 5 kuelekea kushoto, akaishia kwenye mashine."

Hatua ya 5: Alama. Lango liwe 0. Kulia mwembe uwe 1, kisima 2, na duka 3. Kushoto uwanja uwe -1, na mashine -2. Safari ya Asha sasa huandikwa hivi: 3 + (-5) = -2.

Angalia kwamba alama zimekuja mwisho. Kosa letu la kawaida ni kuanza na hatua ya 5 ubaoni, kisha kumlaumu mtoto asiyeelewa.

5. Wajibu wa mwalimu

Sisemi kwamba kila mtoto lazima asome kalkulasi. Wengine watachagua historia, lugha au ufundi, na hiyo ni haki yao. Lakini anayeliacha somo kwa kuwa amependa jingine si sawa na anayeliacha kwa kuwa alikwisha kuambiwa, akiwa na miaka 11, kwamba si fungu lake. Mwalimu wa msingi hana budi kumfikisha kila mtoto mahali ambapo anaweza kuchagua. Kwa hiyo, mtoto akikosa hesabu za sehemu, mwalimu atafute ni hatua gani iliyorukwa, airudie pamoja naye, na asitoe hukumu.

Maswali ya kujadili

1. Chagua somo moja la sekondari ya juu. Hesabu kurudi nyuma mpaka shule ya msingi, uonyeshe misingi yake inayowekwa katika kila darasa.

2. Tayarisha andalio la somo la dakika 40 kwa kufuata hatua tano zilizoelezwa, ukitumia njia au soko lililo karibu na shule yako ya mazoezi.

3. Mtoto anakuambia, "Mwalimu, mimi hesabu siziwezi." Ungemwuliza nini kabla ya kumjibu?