Kanuni ya Hooke: Springi za Valvu

Swali: Fundi wa Sumbawanga amefumua injini ya gari dogo. Springi mpya ya valvu ina urefu wa mm 46 ikiwa huru, na ugumu wa 20,000 N/m. Valvu ikiwa imefungwa, springi hubaki na mm 38; ikifunguka, mm 30. Springi ya zamani ina ugumu uleule, lakini imechoka na urefu wake huru sasa ni mm 44. Je, irudishwe?

Jibu: Tumia F = kx. Hapa x ni kiasi springi ilichofupika, si urefu uliobaki. Watahiniwa wengi hupotezea alama hapo. Geuza pia milimita kuwa mita.

Springi mpya, valvu imefungwa:
F = 20,000 × 0.008 = 160 N
Valvu imefunguka:
F = 20,000 × 0.016 = 320 N

Kwa njia hiyohiyo, ya zamani hutoa 120 N na 280 N. Imepoteza robo ya kani inayobana valvu kwenye kiti chake. Sasa fikiria gari linashuka kutoka uwanda wa Ufipa kwenda bonde la Ziwa Rukwa kwa gia namba mbili. Mteremko ukilisukuma, magurudumu huizungusha injini kwa kasi kubwa. Springi dhaifu huchelewa kurudisha valvu, na katika baadhi ya injini pistoni huigonga. Isirudishwe.

Basi achague iliyo ngumu kuliko zote? Hapana. Kani ikizidi, kamshafti husagika upesi na nguvu ya injini hupotea bure. Gari la kawaida linatosheka na springi ya kipimo cha mtengenezaji.

Usiandike kwamba hewa nyepesi ya Ufipa hulegeza springi. Hupunguza nguvu ya injini, ndiyo, lakini k haijali mwinuko.