Karavani ya Mama Mkwe na Paa la Tanga

*Shangazi, mimi ni mtu wa Tanga, nimeolewa na Mwingereza na tunaishi Lincolnshire, huu mwaka wa kumi na tisa. Mume wangu alistaafu mwaka jana. Tangu hapo akili yake yote imehamia kwenye karavani ya marehemu mama yake, Sprite Alpine ya mwaka 1967, iliyokaa kwenye banda la shamba la binamu yake tangu 1988. Binamu anauza shamba, na karavani lazima itoke kabla ya Septemba.*

*Nimeiona. Matairi yamepasuka, ndani kunanuka panya na ukungu, na kona moja ya sakafu inabonyea ukiikanyaga. Alipofungua kabati akakuta sahani za mama yake, akalia. Ameshanunua rangi, krimu na kijani. Juzi nimegundua ametoa pauni 1,500 kwenye akiba yetu ya ujenzi. Nyumba yetu ya Tanga imeishia kwenye linta, mafundi wanasubiri mbao za kupaua. Nilipomuuliza akasema kiangazi kijacho tutaivuta hadi Skegness, ufukweni, tulale humo na wajukuu.*

*Shangazi, mimi sikulelewa kulala kwenye kibanda cha magurudumu. Wiki ijayo anakwenda kwa dada yake. Nimepata namba ya mtu wa vyuma chakavu, anasema ataiondoa bure. Nimwite?*

*Mke Aliyechoka*

Mwanangu, usimwite.

Kwanza, karavani hiyo si yako. Ni urithi wa mtu kutoka kwa mama yake, na urithi hautupwi kwa siri mrithi akiwa safarini, hata kama umejaa mavi ya panya. Pili, leo hii wewe ndiye mwenye haki katika ugomvi huu. Umechukuliwa fedha bila kuulizwa. Siku mtu wa vyuma chakavu atakapotoka na ile karavani langoni, haki yako itaondoka naye na wewe ndiye utakayekuwa mshtakiwa. Mumeo atakuwa na jambo la kukusimanga mpaka uzeeni, na pauni 1,500 hakuna atakayezitaja tena.

Mumeo naye nina neno kwake, umsomee. Bwana mkwe, fedha ya paa ni ya paa. Mwanamume mwenye mke hatoi fedha kwenye akiba ya pamoja kama kapera aliyepokea mshahara. Irudishe yote, halafu ndipo uketi na mkeo mzungumzie karavani. Mnazo nyumba mbili, na tatizo lao ni moja: maji ya mvua. Kuta za Tanga zikipigwa masika mbili tatu bila bati juu, mtarudi kulipia mnachokiita leo kuwa tayari. Hiyo ndiyo inayotangulia.

Sasa karavani yenyewe. Nimekaa Uingereza muda wa kutosha kujua kwamba Mwingereza akistaafu hutafuta kitu cha kukarabati, na ni heri kiwe karavani kuliko ndoa ya mtu mwingine. Lakini mjue mnachokishika. Sprite zilianzishwa na Sam Alper mwishoni mwa miaka ya 1940, ziwe karavani za bei nafuu ambazo familia ya kawaida ingeweza kuzinunua na gari dogo kuzivuta. (Alper huyo huyo ndiye baadaye aliyeanzisha migahawa ya barabarani ya Little Chef.) Miaka ya 1950 alivuta karavani yake kuzunguka nchi za Mediterania ili watu waone kwamba rahisi haina maana dhaifu. Karavani za matajiri zilikuwa nyingine, kama Carlight zilizotengenezwa huko huko kwenu Lincolnshire, mjini Sleaford. Kwa hiyo mtu asimdanganye mumeo kwamba ameketi juu ya hazina. Sprite Alpine ziliuzwa kwa wingi. Thamani ya hiyo yenu iko kwenye zile sahani, na ni vyema alijue hilo kabla hajalipia kitu kingine.

Kwa nje karavani ya zama hizo inadanganya. Unaona bati la alumini, nalo haliozi mbele ya macho. Lakini bati ni ngozi tu. Kinachoisimamisha ni fremu ya mbao nyembamba za msonobari, na upande wa ndani imefunikwa kwa hadibodi au plaiwudi. Pale bati la paa linapokutana na la ubavuni, na kuzunguka kila dirisha, fundi alijaza mastiki. Mastiki hukauka na kupasuka ikizeeka. Maji huingia kwa ufa usioonekana, hushuka ndani ya ukuta na kutulia chini, pembeni mwa sakafu. Kona ile inayobonyea chini ya mguu wako ndipo penyewe hasa. Na maji hayo hayakuingia bandani. Yaliingia kabla ya 1988, mama mkwe akiwa bado anasafiri nayo.

Watu watamwambia mumeo anunue kipima unyevu, na anunue, si ghali. Kwa kawaida mafundi wa karavani husema chini ya asilimia 15 hakuna neno, kati ya 15 na 20 angalia zaidi, zaidi ya 20 maji yanaingia, na zaidi ya 30 huenda mbao imeshaharibika. Lakini kwa karavani iliyokaa kwenye kivuli kikavu miaka yote hiyo, kipimo hicho peke yake kitawapumbaza. Kifaa kinapima maji yaliyomo leo. Mbao iliyooza zamani kisha ikakauka bandani itasoma asilimia 12, mumeo atashangilia, kumbe ndani ni unga mtupu. Kwa hiyo baada ya kipimo achukue bisibisi. Alale chini ya karavani na kuichoma mbao ya sakafu kwa ncha yake kuzunguka kingo zote, kisha ndani afungue makabati ya chini na kuchoma kila kona. Bisibisi ikigota, mbao nzima. Ikizama kama kwenye keki, imekwisha.

Hapo ndipo uamuzi ulipo, haupo kwenye rangi ya krimu. Ikiwa imeoza kona moja, na labda kipande cha sakafu pembeni yake, ni kazi ya mtu mwenye subira na msumeno: unakata mbao mbovu mpaka ukute nzima, unaunga mpya. Ikiwa kona zote nne zimekwenda, pamoja na mbao za chini zinazoshika mwili wa karavani na chesisi, basi hamkarabati tena. Mnajenga upya, kwa kubandua bati lote. Wapo wanaofanya hivyo kwa raha zao. Mimi simshauri mtu ambaye nyumba yake nyingine haina paa. Ikifika huko, chukueni sahani na chochote kilichobeba mkono wa mama, vioo na taa wauzieni watu wengine wenye Sprite, maana kiwanda kilianguka mwanzoni mwa miaka ya 1980 na vipuri vinatafutwa, kisha mwiteni mtu wa vyuma chakavu, nyote wawili mkiwa mmesimama hapo.

Tuseme imepona. Mumeo asithubutu kuifunga nyuma ya gari na kuivuta nyumbani. Grisi ya beringi imeganda, breki huenda zimeshikana ndani ya ngoma, na matairi ni picha tu. Mwambie asome namba ya tarehe ubavuni mwa tairi: zikiwa tarakimu tatu, tairi limetengenezwa kabla ya mwaka 2000. Waingereza wenye karavani hushauriwa kubadili matairi baada ya miaka mitano, na wasipitishe saba, hata kama vijino bado vipo. Akodi lori la kubebea magari. Uingereza haidai karavani ukaguzi wa kila mwaka kama magari, na wengi huliona hilo kuwa ruhusa. Si ruhusa. Karavani yenye breki lazima breki zake zifanye kazi, taa ziwake, na ikikatika barabarani mwenye kesi ni anayeivuta. Apime pia kikombe cha kuungia na gari, kwani karavani nyingi za zamani za huko zilitengenezwa kwa mpira wa chuma wa inchi mbili, na magari ya leo yana wa milimita 50. Tofauti haifiki milimita moja, lakini kikombe kilicholika juu ya mpira mdogo ni jambo la kufundisha watu Inna lillahi.

Atakapofungua ngoma za breki, asipulize vumbi. Bitana za breki za miaka hiyo zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo Uingereza haikuipiga marufuku yote mpaka 1999. Alowanishe kwanza, avae barakoa ya kazi, na afanye hivyo hivyo kwa uchafu wa panya kabla ya kushika ufagio.

Kwenye gesi sitaki mjadala. Mmesema wajukuu watalala humo. Karavani ya 1967 huwa na jiko na mara nyingi taa za gesi ukutani, zisizo na kifaa cha kukata gesi moto ukizimika. Mpira wa gesi umekauka, regyuleta imekufa, na panya hutafuna chochote. Toeni vyote. Mfumo mpya ufungwe na fundi wa gesi aliyesajiliwa kwenye orodha ya Gas Safe, kisha mweke king'ora cha kaboni monoksidi, hewa hiyo isiyo na harufu wala rangi, inayoua watu usingizini. Matundu ya hewa yaliyo chini na juu asiyazibe kwa kisingizio cha baridi. Na magodoro ya sponji ya zamani yatupwe, hata kitambaa chake kikiwa kizuri namna gani. Sponji ya zama hizo inashika moto upesi na moshi wake ni sumu. Ndiyo maana Uingereza ilitunga kanuni za samani mwaka 1988. Kitambaa mnaweza kukifua na kukishonea juu ya sponji mpya. Hiyo najua unaiweza, watu wa Tanga hawashindwi na cherehani.

Mpangilio wa kazi ni mfupi. Kuzuia maji kwanza, kisha mbao, kisha chesisi na breki, kisha gesi na umeme, na rangi mwisho kabisa. Viungo vya paa vifunguliwe, mastiki ya zamani ikwanguliwe yote, viwekewe utepe wa butili. Asipake silikoni ya bafuni juu ya ufa. Inaonekana imeziba, maji yanapita chini yake, na siku mkitaka kurekebisha hakuna kitu kitakachoshika tena hapo. Makopo ya rangi aliyonunua yafungwe vizuri yangoje.

Nirudi kwako. Unasema hukulelewa kulala kwenye kibanda cha magurudumu. Sawa, hata mimi. Lakini mwaka 1959 Mmarekani aitwaye Wally Byam aliongoza karavani za Airstream, makumi kadhaa, kutoka Cape Town hadi Cairo kupitia Afrika Mashariki, kwenye barabara za wakati ule. Waliotaka kulala hivyo barani kwetu waliwahi kuwapo, na walilipia kwa hiari yao. Skegness na wajukuu siku mbili haitakushusha hadhi. Ukishalala ukaona mgongo unauma, umepata haki ya kukataa mara ya pili.

Kitu kingine. Katika barua yako yenye hasira nyingi na za haki, umeandika sentensi moja fupi ukaipita mbio: alikuta sahani za mama yake, akalia. Umeishi naye miaka kumi na tisa. Umewahi kumwona analia? Simwombei msamaha wa zile fedha. Nakuuliza kwa sababu mtu aliyestaafu, akaondokewa na kazi, kisha akafungua kabati la mama yake, hajanunua rangi kwa ajili ya mbao. Jumamosi nenda naye bandani. Yeye ashike bisibisi na kipimo, wewe shika daftari uandike, kona kwa kona. Mwulize walikuwa wakienda wapi na hiyo karavani, nani alilala wapi, mama alipika nini kwenye jiko lile. Usiende kama mkaguzi wa fedha. Ukaguzi wa fedha mfanye jioni, mezani, kwa kuandika: kiasi gani karavani itapata kwa mwezi, kutoka mfuko gani, na kiasi gani kikipitwa mtaiacha. Mkubaliane mkiwa na akili tulivu kabla ya kununua ubao wa kwanza.

Fanyeni hivyo sasa, kiangazi hakijaisha. Mbao za karavani hazikauki upesi Uingereza baada ya Oktoba, na binamu hatasubiri.

Kisha niandikie tena. Usiniambie mume anasemaje wala wewe unajisikiaje. Nataka asilimia za kila kona, bisibisi ilizama wapi, na tarehe ambayo mbao za paa zimefika Tanga.

*Shangazi*