Simoni Mkirene na Watu wa Kariakoo

Somo: Marko 15:21, Mathayo 5:41



Marko anamtaja mtu aliyekuwa akitoka shamba, asiyehusika kabisa na kesi ya siku ile. Askari wakamshika, wakamtwika msalaba. Yerusalemu ilikuwa chini ya jeshi la kigeni, na askari wa Kirumi aliweza kumkamata yeyote njiani ambebee mzigo. Kwa hiyo Yesu aliposema juu ya kulazimishwa kwenda maili moja, wasikilizaji wake waliyajua hayo kwa mabega yao.

Sisi nasi tunalo neno lake. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, limetokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi. Waingereza waliuteka mji ule kutoka kwa Wajerumani Septemba 1916, na wapagazi wakawekewa kambi pale. Mwaka 1917 vita vilipoelekea kusini, jeshi lilitaka watu zaidi. Wanaume walikusanywa kwa nguvu Kenya, na pia katika nchi iliyokuwa imetekwa. Wajerumani nao walikuwa wakikamata watu vivyo hivyo.

Niseme kama muuguzi: wengi hawakufa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria na nimonia. Unga wa mahindi uliopikwa haraka, nusu mbichi, huumiza tumbo la mtu aliyechoka, na maji machafu humalizia. Hesabu ya Waingereza wenyewe ni wapagazi wapatao 95,000 waliokufa upande wao. Wanahistoria wengi wanaona walikuwa zaidi. Sanamu ya Askari pale Dar, ya mwaka 1927, inamwonyesha mwenye bunduki. Sanamu yenyewe si ya mwenye mzigo.

Leo sheria iko wazi. Mkataba wa Nne wa Geneva wa 1949, kifungu cha 51, unalikataza jeshi linalokalia nchi ya wengine kuwalazimisha raia walitumikie, hata katika vikosi vya usaidizi. Hata kuwashawishi wajiunge "kwa hiari" kumekatazwa.

Lakini kwa ndugu zetu wa Kivu hii si historia. Tangu M23 walipoiteka Goma Januari 2025, ripoti za Umoja wa Mataifa zimeeleza vijana kuandikishwa kwa nguvu. Kijana aliyekamatwa barabarani na kutwikwa sanduku la risasi hakuchagua upande. Basi tusimwulize kwenye chai baada ya ibada, "Wewe ulikuwa wa kundi gani?" Na mwenye kesi ya ukimbizi amweleze wakili wake yote, hata yale anayoyaonea aibu. Kulazimishwa ni sehemu ya ushahidi wake.

Marko anaandika pia majina ya watoto wa Simoni: Iskanda na Rufo. Huenda wasomaji wake waliwafahamu. Jumapili ijayo, mwenye babu, baba au kaka aliyechukuliwa hivyo alete jina lake. Mama mzee wa kanisa atakuwa na daftari la maombi mlangoni.