Puto Juu ya Jinja, Mawe Juu ya Mbale

 Muhula huu chama chetu cha kusoma vitabu kilishika zile ziitwazo hadithi za kisayansi, yaani hadithi ambazo mtungaji hutwaa jambo moja la elimu, hulisukuma mbele kupita mahali lilipofika, kisha huuliza: ingekuwaje? Wengi walidhani ni mambo ya mbali yasiyotuhusu. Kumbe moja yapita juu ya vichwa vyetu hapa Jinja, na nyingine ndugu zetu wa Mbale huisoma kama watu waliouona mwanzo wake kwa macho.

Ya kwanza ni ya Mfaransa Jules Verne, ile ya majuma matano ndani ya puto. Daktari Fergusson, rafiki yake Kennedy na mtumishi Joe waondoka Unguja tarehe 18 Aprili 1862, wapita juu ya bara, wavuka ziwa kuu, na upande wa kaskazini wauona mto Nili ukitoka. Sasa zitazameni tarehe. Speke alisimama hapa Jinja, penye maporomoko aliyoyaita Ripon, tarehe 28 Julai 1862. Kitabu cha Verne kilitoka Januari 1863, na wakati huo habari za Speke zilikuwa hazijafika Ulaya. Verne hakupata kukanyaga nchi hii. Alisoma maandishi ya wasafiri, akajua kwamba Speke amekuwa akidai tangu 1858 kuwa mto watoka ziwani, akabahatisha, akapata. Maporomoko yenyewe hatuwezi kuwaonyesha wageni, maana yalifunikwa na maji ya bwawa la Owen Falls lililofunguliwa mwaka 1954, ambalo sasa laitwa Nalubaale. Lakini mto upo, nao Wasoga walikuwa wakiuita Kiyira kabla ya Speke na kabla ya Verne.

Puto lile nalo latufaa kwa somo. Puto la kawaida la gesi, likitaka kushuka, hutoa gesi. Likitaka kupanda, hutupa mchanga. Safari ikiwa ndefu vyote viwili huisha. Fergusson hatoi wala hatupi: huipasha moto gesi ipanuke, naye apanda, huiacha ipoe, naye ashuke. Mwalimu wetu wa fizikia alisema kanuni ni sahihi kabisa, ila kuwasha moto karibu na haidrojeni ni kazi ya mtu aliyechoka kuishi.

Hapo ndipo kicheko kilipokoma. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu alisimama na kitabu mkononi akatusomea mahali ambapo wasafiri, wakitazama kwa mbali, wadhani mwenzao amezingirwa na watu, kumbe ni nyani. Kisha wafanya mzaha kwamba kwa mbali tofauti si kubwa, na mmoja aongeza kwamba hata kwa karibu vilevile. Kijana alifunga kitabu akasema kitolewe maktabani. Wako waliomuunga mkono kwa nguvu. Wako waliosema kwamba Verne aliandika kama watu wa zamani zake. Jibu hilo mimi silipendi, kwa kuwa watu wa zamani zile walikuwa pia ni babu zetu, nao hawakujiona nyani.

Hatukukubaliana, tukaahirisha.

Jumamosi iliyofuata wakaja kwa njia ya Tirinyi wanafunzi wa zamani watatu wakaao Mbale, nasi tukashika kitabu cha Mwingereza H. G. Wells, cha mwaka 1898, juu ya vita vya watu wa Mirihi. Chaanza na nyota iangukayo usiku karibu na mji wa Woking. Asubuhi watu waenda kutazama, wakakuta kasha kubwa la chuma ndani ya shimo. Mmoja wa wageni wetu alikuwa mtoto wa shule ya msingi tarehe 14 Agosti 1992, siku ambayo mawe ya angani yaliuangukia mji wa Mbale. Ilikuwa kama saa tisa na dakika arobaini za mchana. Alisikia ngurumo, akadhani ni mizinga, jambo la kawaida kulidhani kwa mtoto wa miaka ile. Wataalamu wa Makerere na wa Uholanzi walikusanya baadaye kilo 150 hivi za mawe. Kubwa lao lina uzito wa kilo 27.4. Kijiwe kimoja cha gramu chache kiligonga jani la mgomba, kisha kichwa cha mvulana, wala hakikumdhuru. (Na Jinja, ambayo jina lake maana yake ni mawe, haikupata hata moja!)

Tulimwuliza: Je, Wells amesema kweli? Akajibu kwamba juu ya watu amesema kweli tupu. Nao hawakulikimbia jiwe, walilikimbilia. Ila juu ya moto amekosea, maana lile aliloliokota yeye halikumuunguza. Sababu yaeleweka: mawe madogo hupunguzwa mwendo na hewa yakiwa bado juu sana, kisha huanguka yakipoa, joto la kule juu huchoma ganda tu.

Lakini Wells ana jambo kubwa kuliko hilo. Mwanzoni kabisa amwambia msomaji wake Mwingereza asiwahukumu haraka watu wa Mirihi, bali akumbuke namna wageni kutoka Ulaya walivyowaangamiza watu wa Tasmania (ambao wazao wao, lakini, wapo hata leo). Kisha auchoma mji wa Waingereza kwa silaha isiyojibika. Kumbukeni mwaka. Uganda ilikuwa chini ya himaya ya Waingereza tangu 1894, na 1899 Kabalega na Mwanga wakakamatwa. Kwa hiyo mwanafunzi wangu aangalie mtungaji amesimama wapi anapotazama. Verne alisimama juu ya puto, akaupata mto, akawakosa watu. Wells alikosea juu ya Mirihi, kwani hakuna jeshi huko. Lakini aliingia shimoni pamoja na walioshindwa.

Vya siku hizi tulivipitia upesi. Dilman Dila, mtu wa Tororo, jirani kabisa, ana mkusanyo wa mwaka 2014, A Killing in the Sun, wadogo waliugombania. Namwali Serpell wa Zambia, katika The Old Drift ya 2019, apita penye kujengwa kwa bwawa la Kariba hata afikie mitambo midogo irukayo kama mbu. Ni kitabu kinene, na si wote waliokimaliza, lakini watoto wa mji wenye bwawa hawahitaji kuelezwa maji yakipanda nini hupotea.

Kile cha Verne bado kipo rafuni. Yule kijana alirudi na kurasa nne alizoziandika mwenyewe. Mvuvi wa Kisoga atega migono yake penye mawe asubuhi, aona kitu kikubwa cha mviringo kikipita juu, na ndani yake mtu anaandika. Mvuvi apunga mkono. Yule wa juu hainui kichwa. Mvuvi arudi kwenye migono, maana samaki wameanza kuingia. Tulibishana mpaka kengele ikalia kwamba mvuvi angelipa jina gani lile puto kwa Kisoga. Majina sita yalitajwa, wala hatujaamua.