Kabla Hujalipia Waya wa Sola Omurushaka

Baba mdogo ana kitalu cha miche ya kahawa Nkwenda, na kiangazi kikikaza anataka pampu ya sola imwage maji kuanzia asubuhi. Panya walipoutafuna waya akanituma Omurushaka kuchukua mwingine, milimita mbili na nusu za mraba. Nilipanga niwaandikie hatua tano za kuchagua waya. Tuone tutafika ya ngapi.

Hatua ya kwanza, shuku bei. Duka nililoanzia lilikuwa linauza karibu nusu ya bei ya jirani. "Kopa tupu hii, bosi," kijana akanihakikishia, kisha akatoa sumaku na kuibandika kwenye nyuzi. "Unaona? Haishiki." Watu waliokuwepo wakatikisa kichwa kwa kuridhika. Mimi sumaku hizi za madukani zinanikera. Haishiki kopa, kweli, lakini hata alumini, hata ikivishwa kopa kwa juu, haiishiki. Inachokamata ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba, basi. Nikamwambia huku ni Karagwe, msafiri Stanley alikuta sanamu za ng'ombe wa shaba kwa mfalme Rumanyika mwaka 1876, kwa hiyo asinifundishe shaba kwa sumaku. Akacheka, lakini sumaku akairudisha mfukoni.

Hatua ya pili, mizani. Rola ya mita 100 ya waya mmoja wa milimita mbili na nusu ina kopa ya kilo 2.2 hata kabla ya kuhesabu plastiki. Ingekuwa alumini tupu, isingefika gramu 700. Bucha ilikuwa mlango wa pili. Mwenye bucha akaipima pale alipotoka kupima maini. Na plastiki yake yote, haikufika hata kilo mbili. Kijana akasema mizani ya nyama haijui umeme.

Hatua ya tatu, moto. Nikaomba kiberiti cha gesi, na hapa naomba msome polepole. Usichome waya mzima, plastiki itanuka na hutaona kitu. Chomoa unyuzi mmoja, uushike kwa plaizi, unyuzi wenyewe ukiwa umelala, ncha itokeze kama urefu wa kidole, halafu simama pasipo upepo na uweke moto chini ya ncha. Kopa itaiva nyekundu, ikipoa inabaki nyeusi, lakini unyuzi umenyooka vilevile. Alumini iliyovishwa kopa inapauka, inalegea, inainama, na mwishoni inadondosha au kubakiza kishanga kinachong'aa. Alumini huyeyuka kwenye nyuzijoto 660, kopa mpaka 1,085, na kiberiti hakina shida na hiyo ya kwanza. Nyuzi nyembamba mno, zile za waya wa spika, usizihukumu hivi. Hata kopa halisi inaweza kukusaliti. Wa kwetu ulikuwa mnene wa kutosha. Uliinama mbele ya wateja wote, na mama mmoja aliyekuwa ameshatoa hela akazirudisha kwenye pochi.

Kisu nacho kina ujanja wake. Wengi wakikwangua wakaona weupe wanapiga kelele "alumini!" Nimeshuhudia fundi akirudisha waya mzuri kwa sababu hiyo. Waya bora wa sola ni kopa iliyopakwa bati, madini yale yale yanayochimbwa Kyerwa, ili isipate kutu ya kijani. Huo ni mweupe nje, mwekundu ndani. Wa uongo ni mwekundu nje, mweupe ndani.

Kuna wanaosema umeme utapita tu. Utapita, lakini piga hesabu. Kwa baba mdogo ni mita 10 kwenda na 10 kurudi, ampea 8: kopa inakula kama volti 1.1, ule wa kuvishwa unakula kama 1.7. Kwenye mfumo wa volti 12 hilo pampu inalisikia.

Alumini yenyewe sina ugomvi nayo. Nyaya za kwenye nguzo ni alumini, na kilo kwa kilo inapitisha umeme karibu mara mbili ya kopa kwa sababu ni nyepesi. Tatizo ni kuuziwa kwa jina la kopa na kwa unene wa kopa. Ukiitumia kwa haki, panda saizi: penye kopa ya milimita 10 weka alumini ya 16.

Hatua ya nne na ya tano zimeshajichanganya humo humo, ila maungio lazima niyaseme. Kopa na alumini usivisokote pamoja ukafunga tepu. Unyevu ukiingia, alumini ndiyo inayoliwa, maungio yanapata moto. Tumia konekta ya metali mbili au lagi zilizopakwa bati. Paka grisi ya maungio kwenye alumini mara tu ukishaisugua, maana ngozi yake ya oksaidi hurudi papo hapo na haipitishi umeme. Baada ya miezi michache rudi na bisibisi, ukiwa umezima kila kitu, ukaze tena, kwa kuwa alumini hulegea chini ya skrubu hata kama hakuna aliyeigusa.