Kwa nini nyuso zilitoka nyeusi? Somo la kamera ya dijitali kwa wanaoanza



Wengi wenu mlipita kwenye ubao wa picha, pale karibu na bomba, mkaniuliza kwa nini picha za watoto ziliondolewa baada ya siku chache, kisha zikarudi zingine za watoto wale wale. Wengine walisema wino uliisha. Hapana, wino ulikuwepo. Picha za kwanza nilizipiga mimi, na sura hazikuonekana. Katika toleo hili nitaeleza nilikosea wapi, ili vijana wa kikundi cha habari, na yeyote atakayeshika kamera baada yangu, wasirudie kosa hilo.

Kazi yenyewe mnaijua. Mtoto akifika bila mzazi wala ndugu, huandikwa jina lake, la baba, la mama na kijiji alikotoka, kisha hupigwa picha. Lakini mtoto wa miaka mitatu hawezi kutaja kijiji, na ukimwuliza jina la mama yake atakujibu "Mama". Kwa mtoto kama huyo picha ndiyo inayomtafutia ndugu. Jambo hili si geni katika nchi zetu. Baada ya Julai 1994, watu walipovuka mpaka kutoka Gisenyi kuingia Goma kwa mamia ya maelfu, watoto wengi walipotezana na wazazi wao. UNICEF, UNHCR na Msalaba Mwekundu walisaidia kupiga picha za maelfu ya watoto, na picha hizo zikabandikwa makambini ili jamaa wapite kutazama.

Basi mimi nilipewa kamera nikawapanga watoto 19, mmoja mmoja, mbele ya shitingi nyeupe mpya, saa sita mchana. Niliona ni mahali pazuri: pasafi, na hapana mtu anayepita nyuma. Kwenye kioo kidogo cha kamera sikuona vizuri kwa sababu ya jua, nikasema zitakuwa nzuri tu. Zilipochapishwa, shitingi ilikuwa ya kijivu kama moshi, na nyuso za watoto nyeusi tii. Mahali pa macho palikuwa na kivuli.

Bibi mmoja alikuja akimtafuta mjukuu wake. Alitazama ubao wote, kuanzia juu hadi chini, akashukuru, akaenda zake. Siku ya tatu alikutana na mtoto mwenyewe kwenye foleni ya uji. Picha ya mtoto huyo ilikuwepo ubaoni muda wote, mstari wa pili. Nilipokwenda kumwomba radhi aliniambia, "Mwanangu, mimi niliona shati tu." Siku tatu si nyingi kwa sisi tunaohesabu miezi, lakini mtoto yule alilala usiku tatu kwa watu asiowajua, na bibi yake yuko safu ya nne ya mahema.

Baada ya hapo nilitumwa Gisenyi, mtaa wa Nengo, kwa mzee mmoja ambaye ni fundi wa picha za harusi, anifundishe kwa siku mbili. Yaliyo hapa chini ndiyo niliyoyapata kwake na niliyoyajaribu mwenyewe baadaye.

Mzee hakuanza na vitufe. Alinipeleka nje akaniambia niweke kamera kwenye AUTO, nisogelee shuka jeupe lililoanikwa mpaka lijaze picha nzima, nipige. Kisha akanionyesha ukuta wa mawe meusi ya volkano, yale yale mnayoyajua kutoka Goma, nao niusogelee hivyo hivyo, nipige. Tukaingia ndani kutazama. Shuka lilikuwa la kijivu. Na mawe meusi yalikuwa ya kijivu! Ukiziweka picha mbili pamoja, hujui kwa haraka ipi ni ya shuka na ipi ni ya jiwe.

Hapo nikaelewa. Ndani ya kamera kuna kipimo cha mwanga. Kipimo hicho hakijui kwamba hiki ni kitambaa cheupe na hili ni jiwe jeusi. Kinapima mwanga unaorudi tu, na kimetengenezwa kwa kudhani kwamba kila kitu duniani ni kijivu cha katikati, ambacho wapiga picha kwa desturi hukihesabu kuwa kinarudisha takribani asilimia 18 ya mwanga unaokiangukia. Kikiona mwanga mwingi, husema "umezidi" na kupunguza. Kikiona mchache, huongeza. Mbele ya shitingi nyeupe kilipunguza, shitingi ikawa kijivu, na mtoto aliyesimama hapo akapunguzwa pamoja nayo. Ngozi zetu ni nyeusi tangu mwanzo, kwa hiyo zikaingia gizani kabisa. Mtu mwenye ngozi nyeupe angetoka na giza kidogo, lakini angetambulika.

(Si kamera tu. Zamani za filamu, maabara nyingi za kusafisha picha zilirekebisha mashine zao kwa kutumia kadi ya Kodak yenye picha ya mwanamke mzungu, iliyoitwa kadi ya Shirley. Ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo cha rangi nzuri. Kwa hiyo tusijilaumu kupita kiasi, ila tujue namna ya kurekebisha.)

Dawa ni kitufe chenye alama ya + na −. Ukikiweka kwenye +1, unaiambia kamera iingize mwanga mara mbili ya ule iliouchagua. Kwenye +2, mara nne. Mbele ya shitingi nyeupe au ukuta wa chokaa, anza na +1, tazama uso, ukiwa bado na giza nenda +1.7 au hata +2. Shitingi itang'aa mno na mikunjo yake itapotea, iache. Hakuna anayemtafuta shitingi. Mbele ya ukuta wa mawe meusi, au uso ukiwa umejaza picha nzima, mambo yanageuka: kamera itaongeza mwanga kupita kiasi na ngozi itatoka kama imepakwa majivu. Hapo shuka hadi −0.7 au −1.

Sasa tuje kwenye zile namba tatu ambazo vijana wengi wananiuliza. Fikirini bomba letu la maji. Kujaza kopo kunategemea umefungua bomba kiasi gani, na umeliacha wazi kwa muda gani. Tundu la lenzi ni kufungua bomba, nalo huandikwa kwa herufi f: f/4, f/5.6, f/8, f/11. Namba zake zinakwenda kinyume, na hili huwachanganya wengi: f/4 ni tundu kubwa, f/11 ni tundu dogo. Kila hatua katika hizo hupunguza mwanga kwa nusu. Muda ni shata: 1/60 ya sekunde, 1/125, 1/250, na kila hatua hapo pia ni nusu. Ya tatu ni ISO, ambayo ni kama ukubwa wa kopo. ISO 100 ni kopo kubwa linalotaka maji mengi. ISO 1600 ni kikopo kidogo, mwanga mdogo tu unakijaza. Faida yake ni kupiga picha ndani ya hema. Hasara yake ni chembechembe, picha inakuwa kama imenyunyiziwa mchanga. Lakini uso wenye chembechembe unatambulika, uso wenye giza hautambuliki. Msiogope ISO 1600 ikibidi.

Kijana mmoja alinijia na hasira: "Kaka, nimegeuza f kutoka 4 hadi 11 na picha haikubadilika mwanga hata kidogo. Kamera imekufa." Haikufa. Gurudumu lake lilikuwa kwenye A (kamera nyingine huandika Av). Hapo wewe unachagua tundu na kamera yenyewe inachagua muda. Ulipofunga bomba, yenyewe ikaliacha wazi muda mrefu zaidi, kopo likajaa vile vile. Kwenye S (au Tv) ni kinyume, wewe unachagua muda na yenyewe inachagua tundu. Ukitaka picha iwe na mwanga zaidi ukiwa kwenye A, S au P, usihangaike na f; tumia + na −.

Mwingine alikuwa kwenye M, ambapo mtu huchagua vyote mwenyewe, akabonyeza + na − bila kuona mabadiliko. Ni kweli, kwenye M, kama ISO nayo umeichagua wewe, kitufe hicho kwa kawaida hakibadilishi picha. Kinasogeza tu alama ya kipimo unayoiona kwenye kioo. Hapo geuza shata au tundu kwa mkono.

Tatizo la tatu lilinipata mimi mwenyewe wiki iliyofuata: picha zote zilitoka nyeupe kama zimemwagiwa maziwa. Nilihangaika saa nzima. Kumbe aliyeitumia kabla yangu aliiacha kwenye +2 na ISO 3200, naye alikuwa amepiga picha za mkutano wa usiku. Kamera ikizimwa, mara nyingi hukumbuka ilivyoachwa. Kamera yetu ni ya mikono mingi. Kabla ya picha ya kwanza tazama vitu vitatu: + na − iko sifuri, ISO ni ngapi, gurudumu liko herufi gani. (Maandishi ya ndani yalikuwa ya Kiholanzi, kwa kuwa ilitolewa msaada huko. Nimeyabadilisha kuwa Kifaransa. Tafadhali asiyarudishe mtu kwa kubonyeza bonyeza.)

Kuhusu kile kioo kidogo: msikiamini juani. Mchana kila picha huonekana ya giza, na usiku ndani ya hema kila picha huonekana nzuri. Bonyeza kitufe cha kutazama mpaka uone mchoro wenye umbo la mlima. Mlima ukiwa umebanwa wote upande wa kushoto, picha ina giza. Ukibanwa kulia, imezidi mwanga. Huko Nengo mzee alikuwa akinifunika na koti lake ili nitazame mchoro huo, watoto wa mtaa wakicheka.

Hata hivyo nikiulizwa ni jambo gani moja lilirekebisha picha zetu kuliko yote, nitasema ni kuhama mahali. Sisi tuko karibu kabisa na Ikweta, na kwa miezi mingi jua la saa sita linasimama karibu na utosi. Paji la uso na pua vinawaka, macho yanabaki kwenye kivuli. Hakuna kitufe kinachoondoa kivuli hicho vizuri, ingawa flashi husaidia kidogo ukiwa umbali wa hatua mbili au tatu. Afadhali umpeleke mtoto kwenye kivuli cha jengo au kwenye mlango wa hema, uso wake ukitazama nje kwenye anga lililo wazi, nawe usimame nje ukiipa mgongo ile nafasi yenye mwanga. Nyuma yake weka kitu kisicho cheupe wala cheusi. Sisi tumetundika blanketi la kijivu, lile la kugawiwa. Blanketi hilo linakaribia kile kijivu ambacho kamera inakitaka, kwa hiyo inapima karibu na sawa bila kusaidiwa sana. Kwenye kivuli cha wazi, mchana wa jua, anza na ISO 200, f/5.6, shata 1/250, kisha rekebisha ukitazama uso. Usishuke chini ya 1/125 kwa watoto, hawatulii.

Msichana wa miaka kama minne alikataa kusimama mbele ya blanketi mpaka dada yetu mmoja wa kikundi alipokaa chini akampakata. Tukapiga wote wawili, kisha tukakata upande wa dada. Mtoto anayelia hafanani na yeye mwenyewe, kwa hiyo subirini.

Tulirudia picha zote 19. Mpaka ninapoandika, wanne zaidi wametambuliwa kwenye ubao na ndugu zao, na ofisi ya watoto inahakikisha maelezo yao kabla ya kuwakabidhi.

Picha za watoto waliofika hivi karibuni zitapigwa Jumanne na Ijumaa, saa mbili asubuhi, kwenye mlango wa hema la watoto. Walezi wawalete wakiwa wamenawa uso, bila kofia. Mtu asiwapige kwa simu yake na kuzituma kwa watu. Picha hizi ni za ubao na faili tu. Vijana wanaotaka kujifunza waje Jumatano saa nane mchana. Kamera ni moja, kwa hiyo tutapokezana. Anayeiazima usiku arudishe betri ikiwa imejaa, na aweke + na − kwenye sifuri.