Aliyeumia Kazini Asisimame Peke Yake

Kila siku alfajiri watu wengi hutoka Kangemi, Kawangware na Kibera kwenda kazini. Wengine huenda kwenye majengo marefu yanayojengwa Westlands na Kileleshwa, wengine katika nyumba za Lavington, na wengine hufika mpaka katikati ya mji wa Nairobi. Walio wengi hurudi jioni salama. Lakini wako waangukao kutoka juu, wako wakatwao na mashine, na wako waunguzwao na umeme. Mtu wa namna hiyo mara nyingi hupata hasara mbili: kwanza hupoteza kiungo chake, kisha hupoteza haki yake, kwa kuwa hakujua pa kwenda wala ni nani awezaye kumsemea. Somo hili lataka kuonyesha njia hiyo, hatua kwa hatua.

SHERIA YASEMAJE

Sheria ya zamani ya fidia ya wafanyakazi, iliyowekwa tangu siku za ukoloni, ilifutwa, na mahali pake pakawekwa Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007. Sheria hii yawahusu waajiriwa wote, wa Serikali na wa watu binafsi, isipokuwa wanajeshi. Mpishi wa nyumbani yumo, na mbeba mawe yumo pia. Tena mfanyakazi halazimiki kuthibitisha kwamba tajiri wake alikosa. Yatosha kuonyesha kuwa aliumia kwa ajili ya kazi na akiwa kazini. Aliyejiumiza kwa ukaidi wa makusudi aweza kunyimwa, ila kama ameumia vibaya sana au amekufa.

Watu wengi bado hudhani kwamba jambo la kwanza ni kutafuta wakili na kumshitaki tajiri. Sivyo. Baada ya mabishano ya miaka mingi, Mahakama ya Juu ilikata shauri tarehe 3 Desemba 2019 kwamba sheria hii ni halali. Kwa hiyo madai huanzia kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, ambaye ofisi yake kuu iko Safety House, Commercial Street, katika Industrial Area. Mahakama huja baadaye, kwa rufani.

SIKU ZA KUSHIKA

Sheria hii ina siku zake, na asiyezishika hujiponza mwenyewe.

Kwanza, mfanyakazi amwarifu tajiri wake mara tu aumiapo, kwa mdomo au kwa barua. Barua ni bora, maana maneno huruka. Naye tajiri yampasa kumwarifu Mkurugenzi kabla siku 7 hazijapita tangu apate habari.

Pili, madai ya fidia yapelekwe kabla ya miezi 12 kupita tangu siku ya ajali. Mwenyewe akiwa kitandani hospitali, mtu mwingine aweza kuyapeleka kwa niaba yake.

Tatu, Mkurugenzi akiisha toa uamuzi, asiyeridhika ana siku 60 za kuandika pingamizi. Pingamizi huandikwa katika fomu maalum, na ndani yake hutajwa kwa ufupi mambo yalivyokuwa na kile akitakacho mwenye kupinga. Mkurugenzi hana budi kujibu kwa maandishi, pamoja na sababu zake, katika siku 14.

Nne, jibu hilo lisipomridhisha, ana siku 30 tangu kulipokea za kukata rufani katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ambayo katika Nairobi hukaa Milimani.

Kwa nini mtu ajisumbue hivyo? Tutazame mfano. Fidia ya ulemavu wa kudumu huhesabiwa kwa mshahara wa miezi 96, ikipunguzwa kulingana na kiasi cha ulemavu, na Waziri aweza kuweka mpaka wa chini na wa juu. Tuseme seremala apokeaye shilingi 20,000 kwa mwezi ameumia mkono. Miezi 96 ni shilingi 1,920,000. Daktari akiandika kuwa ulemavu ni 10 kwa mia, fungu lake ni shilingi 192,000. Akiandika 20 kwa mia, ni shilingi 384,000. Basi nambari moja katika karatasi ya daktari yaweza kuwa karo ya watoto kwa miaka kadhaa. Ndiyo maana haifai kuipokea bila kuuliza imetokana na nini.

NANI AWEZA KUKUSEMEA

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Katika Mahakama ya Ajira, sheria ya mwaka 2011 yampa mtu njia tatu: aweza kujisemea mwenyewe, aweza kusemewa na wakili, au aweza kusemewa na kiongozi au ofisa wa chama chake cha wafanyakazi. Njia hii ya tatu husahauliwa sana. Mwanachama anayelipa ada yake kila mwezi, na aende ofisi ya chama chake mapema akaulize. Ndugu au jirani aweza kumsindikiza, kumbebea karatasi na kumtia moyo, lakini hawezi kusimama mahali pa wakili.

Kwa asiye na chama wala fedha, iko milango mingine. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 iliunda Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria kwa ajili ya wasiojiweza. Kituo cha Sheria, kilichoanzishwa mwaka 1973, kina ofisi yake Ole Odume Road, huko Kilimani. Huwashauri maskini katika mambo ya kazi, na huwafundisha namna ya kujitetea wenyewe. Wanawake waweza pia kwenda FIDA, Amboseli Road, Lavington.

Iwapo ofisi ya umma yakawia bila sababu, malalamiko hupelekwa kwa Tume ya Haki ya Utawala, iliyoko West End Towers, Waiyaki Way. Katika barabara hiyo hiyo liko Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, ambako mtu huandikishwa na kupewa kadi. Lakini fahamu kwamba kadi ile siyo fidia, wala fidia siyo kadi. Kila moja ina njia yake.

Jihadhari na watu wakutanao na wagonjwa milangoni mwa hospitali na ofisi, wakijiita mawakili. Wakili wa kweli huwa na hati ya kazi ya mwaka ule, na jina lake laweza kuulizwa katika Chama cha Mawakili, Gitanga Road, Lavington. Usitie sahihi wala kidole gumba katika karatasi usiyosomewa ukaielewa.

KABLA YA SIKU YA KUSIKILIZWA

Katika rufani, jaji hutazama hasa yale yaliyokwisha andikwa tangu mwanzo. Kwa hiyo wakati ufaao wa kutafuta msaada ni kabla ya kuandika pingamizi, wala si asubuhi ya kwenda Milimani. Mali bila daftari hupotea bila habari. Weka pamoja barua ya kumwarifu tajiri, karatasi za mshahara, vyeti vya hospitali, majina ya walioona ajali, na uamuzi wa Mkurugenzi pamoja na tarehe ulipoupokea. Mpe msaidizi wako nakala, nawe ushike zile za asili.

Katiba ya mwaka 2010 yampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote pa umma kwa njia ifaayo, na ya kutumia lugha ya ishara, maandishi ya vipofu, au njia nyingine imfaayo. Asiyesikia, au asiyeweza kupanda ngazi, na aiarifu ofisi ya mahakama mapema ili mambo yatengenezwe. Hiyo ni haki yake, wala asidhani anaomba hisani.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Madai ya aliyeumia kazini huanzia wapi?
2. Pingamizi lina siku ngapi, na rufani siku ngapi?
3. Taja wale wawezao kumsemea mfanyakazi mbele ya Mahakama ya Ajira.
4. Mtu apokea shilingi 15,000 kwa mwezi, na ulemavu wake ni 10 kwa mia. Miezi 96 yampa fungu gani? (Jibu: shilingi 144,000.)

Asomaye somo hili na amsomee jirani yake asiyejua kusoma.